Nyumba Isiyotakiwa Kuzidi Kilo 3,500

Safari huanzia kwenye mizani. Madereva wa malori wanaopita Vigwaza au Mariakani wanaijua mizani kuliko wanavyopenda, na wengi wao wasingeamini kwamba kuna mahali ambapo muuguzi mstaafu na mumewe hujipeleka wenyewe kupimwa, bila kusimamishwa na askari, na hela wanatoa. Uingereza hilo ni jambo la kawaida. Siku chache kabla ya kuondoka, wazee hao hulipandisha gari lao kwenye mizani ya umma, nyuma ya lori la kokoto, likiwa limepakiwa vile vile litakavyosafiri: maji, gesi, dizeli, mablanketi, sufuria, viatu vya mvua, chakula cha mbwa, na mbwa mwenyewe. Wanachosubiri ni karatasi yenye namba isiyozidi 3,500.

Gari lenyewe ni nyumba. Sehemu ya mbele mara nyingi ni Fiat Ducato, gari la mizigo linalounganishwa Atessa, Italia. Viwanda vya Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uingereza hulinunua likiwa kichwa na chasi tu, kisha hulijengea mgongoni chumba chenye kitanda, jiko la gesi, friji, meza, makabati, bafu la kusimama na choo. Tuliite gari-nyumba. Linapotoka kiwandani, tupu, tayari lina tani tatu hivi. Zinabaki kilo mia nne, mia tano, na hapo ndipo watu waliooana miaka arobaini huanza kubishana kuhusu pasi ya nguo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Baiskeli mbili za umeme zinakaribia kilo 50. Katoni ya chupa sita za mvinyo ni kilo nane, na sijasikia mtu aliyekwenda Ufaransa akarudi na katoni moja.

Namba hiyo imetokana na leseni. Daraja B, leseni ya gari dogo ambayo karibu kila dereva wa Ulaya anayo, inaishia kilo 3,500. Gari likizidi hapo, mbele ya sheria ni lori. Leseni inakuwa nyingine, mwendo unashushwa, ushuru wa barabara unapanda, na Ufaransa, tangu Januari 2021, unatakiwa kubandika stika kubwa nyuma na ubavuni kuwatahadharisha waenda kwa miguu na baiskeli kuhusu pembe ambazo dereva hazioni. Wazee wa Kiingereza wana upendeleo mmoja ambao watoto wao hawana: waliofaulu mtihani wa udereva kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa, bila kuomba, ruhusa ya kuendesha hadi tani saba na nusu. Upendeleo huo una mwisho wake, nao tutaufikia.

Tuwape wasafiri wetu sura. Mume ana miaka 69, alikuwa fundi umeme. Mke ana miaka 66, ndiye yule muuguzi. Watoto wamejitegemea, mkopo wa nyumba umelipwa ukaisha. Ni watu wa mfano tu, lakini ukisimama kwenye foleni ya bandari ya Plymouth au Portsmouth mwezi Septemba utawaona mara kadhaa kabla foleni haijasogea. Septemba ndiyo mwezi wao. Shule zimefunguliwa, familia zenye watoto zimerudi makwao, na maeneo ya kupigia kambi yameshusha bei.

Fedha zimetoka wapi? Pensheni ya serikali ya Uingereza, ikiwa kamili, ilikuwa karibu pauni 12,000 kwa mwaka katika mwaka wa fedha 2025/26. Inatosha mkate, siagi na bili ya gesi. Gari-nyumba jipya la kawaida huuzwa kati ya pauni elfu sitini na laki moja, kwa hiyo linalonunua gari hilo ni fungu jingine, ile akiba ya uzeeni ya mwajiri au ya binafsi, ambayo sheria inamruhusu mtu kuchukua robo yake kwa mkupuo bila kukatwa kodi akishafika miaka 55. Kuanzia Aprili 2015 masharti yalilegezwa zaidi, na mtu akaweza kuitoa akiba yake kadiri atakavyo, mradi alipe kodi ya kinachozidi ile robo. Waziri wa pensheni wa wakati huo, Steve Webb, aliulizwa itakuwaje wazee wakizitapanya fedha hizo kwa kununua Lamborghini. Akajibu kwamba hilo halimsumbui, ni uamuzi wao. Lamborghini haina kitanda wala choo.

Msomaji wa Tanzania ameshatega sikio aliposikia habari ya robo. Asilimia 25 ndiyo iliyozua zogo la kikokotoo cha pensheni mwaka 2018, mpaka Rais Magufuli akakisimamisha, na mjadala haukutulia hata baadaye mkupuo ulipopandishwa. Tofauti iko kwenye nyumba. Mstaafu wetu anangoja kiinua mgongo ndipo apaue, achimbe kisima, anunue mabati ya banda la kuku. Mstaafu wa kule alikwisha kuinunua nyumba akiwa kijana, akailipia benki kidogo kidogo kwa miaka 25, na fedha za mkupuo zinamkuta akiwa na paa tayari. Ndiyo maana anaweza kununua paa la pili lenye magurudumu bila jirani kumwona amerukwa na akili.

Lakini fedha hazielezi kila kitu. Watu wanaoyaona magari haya yakipita hudhani wamo wazee wanaokwenda kukaa. Mimi naona wanakwenda kufanya kazi. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 45 anaamka Jumatatu moja hana anakotakiwa. Mkewe naye amezoea zamu za usiku na wodi iliyojaa. Wameishi pamoja miaka yote hiyo wakipishana mlangoni, na sasa wamekabidhiana saa 24 za kila siku. Bustani inapaliliwa kwa wiki moja, ikaisha. Gari-nyumba haliishi. Kila siku lina maji ya kujaza, maji ya kumwaga, betri ya kuangalia, njia ya kutafuta, mahali pa kulala pa kuthibitisha kabla giza halijaingia. Haya ni majukumu ya kweli, yenye adhabu ukiyakosea, na hayafanyiki vizuri na mtu mmoja.

Meli wanayopanda Plymouth nayo ni zao la kazi, tena ya jembe. Kampuni ya Brittany Ferries ilianzishwa na wakulima wa Bretagne, kaskazini-magharibi ya Ufaransa, wakiongozwa na mkulima mwenzao Alexis Gourvennec. Walikuwa na koliflawa na artichoki za kuuza, bandari ya Roscoff ilikuwa mlangoni kwao, na hakuna kampuni ya meli iliyotaka kufungua njia hiyo. Wakanunua meli wenyewe. Safari ya kwanza ya meli hiyo, Kerisnel, ilikuwa tarehe 2 Januari 1973, siku moja baada ya Uingereza kuingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Ilikusudiwa malori ya mboga. Abiria walikuja wenyewe, na leo wastaafu wenye magari-nyumba ni miongoni mwa wateja wake wa kutegemewa, hasa nje ya msimu, koliflawa zikiwa zimewapisha.

Uingereza ilikwisha toka katika umoja ule, na dalili ya kwanza ya jambo hilo huonekana jikoni mwa gari. Tangu Januari 2021 haruhusiwi msafiri kutoka Uingereza kuingia Umoja wa Ulaya na nyama wala maziwa, hata kama ni mkate wenye kipande cha nyama ya nguruwe alioufungasha kwa ajili ya njiani. Mbwa ndiye mwenye karatasi nyingi kuliko wote. Anahitaji cheti kipya cha daktari wa mifugo kila safari, na kabla ya kurudi ameze dawa ya minyoo mbele ya daktari, si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kufika nyumbani.

Roscoff, meli inafungua mdomo, na upande wa barabara unabadilika. Dereva wa basi kutoka Dar es Salaam anayevuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda anajua hali hiyo: mikono inajua kushoto, sheria imeshasema kulia. Mzee wetu ana usukani upande wa kulia wa gari, upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo yuko karibu na mtaro na haoni kinachokuja anapotaka kulipita trekta. Anayeona ni mkewe. Hapo muuguzi anapata wadhifa wake wa kwanza. Ndiye anayesema "bado, bado, haya nenda," na maisha ya watu wawili na mbwa yanategemea kama alisema "nenda" au "ngoja."

Wadhifa wa pili anaupata kwenye vibanda vya ushuru. Barabara kuu nyingi za Ufaransa ni za kulipia, na mashine ya tiketi iko kushoto, upande wa dereva wa Kifaransa. Mke anashusha kioo, anajikunja nusu mwili nje, anavuta tiketi huku malori yakipiga honi nyuma. Bei inategemea kimo. Gari la chini ya mita tatu na lisilozidi tani tatu na nusu linalipa daraja la pili, likigusa mita tatu linapanda la tatu pamoja na malori. Kwa hiyo yule aliyeweka kiyoyozi au dishi la televisheni juu ya paa ameongeza ushuru wa kila safari bila kujua. Madereva wenye busara wamebandika karatasi mbele ya usukani yenye kimo cha gari kwa mita na sentimita. Si kwa ajili ya ushuru tu. Maegesho mengi ya ufukweni yamewekewa boriti kwenye mita mbili, makusudi, ili magari haya yasiingie, na boriti haijui kwamba uko likizo.

Mambo ni tofauti kabisa vijijini. Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, nyingi zikiwa vijiji vidogo ambavyo shule imefungwa na duka la mikate linapumua kwa shida. Mameya wengi walipiga hesabu wakaona kwamba gari-nyumba moja likilala kijijini, asubuhi litanunua mikate miwili, jibini na pengine chakula cha mchana. Wakatenga kiwanja karibu na uwanja wa mpira au nyuma ya kanisa, wakaweka bomba, shimo la maji machafu, na bango la samawati lenye picha ya gari. Ndivyo vituo wanavyoviita aire vilivyoenea nchi nzima. Vingine ni bure, vingine euro chache. Kuna pia mtandao wa wakulima uitwao France Passion, ulioanza miaka ya 1990: mwenye shamba la mizabibu, mizeituni au mbuzi wa maziwa anakukaribisha ulale uwanjani kwake usiku mmoja bila malipo. Hulazimiki kununua kitu. Lakini ni nani atakayelala penye pipa la mvinyo wa mwenyeji, apewe aonje glasi tatu, aondoke na mikono mitupu? Zile kilo nane nane ndipo zinapoanzia.

Kwenye kituo cha kijiji kazi inaanza saa mbili asubuhi, na inafaa kuieleza kwa sababu matangazo ya biashara hayaielezi kamwe. Gari lina maji ya aina tatu. Maji safi yako kwenye tanki la ndani. Maji ya bafu na vyombo hushuka kwenye tanki la chini ya sakafu, na hayo humwagwa kwa kufungua koki juu ya wavu wa zege, gari likiwa limeegeshwa sawasawa juu yake, jambo linalohitaji mtu mmoja nje anayeonyesha kwa mikono na mmoja ndani asiyekasirika. Ya tatu ni ya choo. Choo cha gari-nyumba kina kaseti, yaani sanduku la plastiki lenye mpini na magurudumu madogo, lenye ujazo wa lita 17 au 20 hivi, linalochomolewa kupitia kimlango cha nje. Watu wawili huijaza kwa siku mbili au tatu. Mtu huiburuta kama sanduku la uwanja wa ndege, akiwasalimu majirani njiani, huimwaga kwenye shimo lake, huisuuza kwa bomba lake. Bomba hilo si lile la maji ya kunywa, na anayeyachanganya mabomba hayo mawili atasemwa na kituo kizima katika lugha nne.

Nani anamwaga kaseti? Sijaona sheria iliyoandikwa popote, lakini katika ndoa nyingi za magari-nyumba kazi hiyo ni ya mume. Mke aliyesafisha wagonjwa wodini miaka thelathini ana hoja nzito ya kuikataa.

Gesi nayo ina elimu yake. Butane huacha kugeuka mvuke baridi ikikaribia nyuzi sifuri, hivyo usiku wa baridi jiko linazima huku mtungi ukiwa umejaa. Propane hustahimili hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Tatizo la pili ni kichwa cha mtungi, ambacho hubadilika nchi kwa nchi, na mtungi wa Uingereza hauna duka litakaloubadilisha Ufaransa wala Hispania. Fundi umeme wetu ana furaha ya mtoto anapoeleza habari hizi kwa Mjerumani wa gari la pili. Hawaelewani lugha, lakini wote wawili wamepiga magoti wanatazama valvu.

Wakishuka kusini ya Bordeaux wanaingia Landes, msitu wa misonobari uliopandwa na watu. Sheria ya mwaka 1857 ilizilazimisha manispaa za eneo hilo, lililokuwa kinamasi na malisho ya kondoo, kukausha maji na kupanda miti, na leo msitu huo una karibu hekta milioni moja. Pwani yake kuna Dune du Pilat, mlima wa mchanga wenye kimo cha zaidi ya mita 100, ambao upepo wa Atlantiki unausukuma kuelekea bara mita kadhaa kila mwaka, ukimeza misonobari iliyo nyuma yake. Julai 2022 moto ulianzia kwenye msitu wa La Teste-de-Buch, maelfu ya watu wakahamishwa usiku, na kambi tano zilizokuwa chini ya mlima huo zikaungua. Hakuna aliyekufa. Tangu hapo wazee wa magari-nyumba wanaopita Landes huegesha gari likitazama njia ya kutokea.

Hispania inawafundisha tofauti ya kuegesha na kupiga kambi, na mwalimu ni askari. Mamlaka ya barabara ya nchi hiyo inaona kwamba gari-nyumba lililoegeshwa kihalali ni gari kama magari mengine, na waliomo ndani wanaweza kulala, kupika, kugombana, haiwahusu. Ila lisiguse ardhi kwa kitu kingine zaidi ya magurudumu. Ukiweka vigingi vya kusawazisha gari, ukifungua turubai la kivuli, ukitoa hata kiti kimoja ukae nje kuota jua, umepiga kambi, na manispaa nyingi zinatoza faini kwa hilo. Kwa hiyo utakuta wazee wawili, nje kuna jua la Oktoba lisilo na mfano wake Uingereza, wao wamekaa ndani mezani wakilitazama kwa dirishani. Wanajifariji mchana kwa menú del día, chakula cha bei moja kilichoenezwa na serikali ya Franco katika miaka ya 1960: sahani ya kwanza, ya pili, kitu kitamu, mkate na kinywaji. Wanajifunza upesi kuingia pale walipoegesha madereva wa malori.

Burgos, Salamanca na Cáceres nitazipita haraka, kwa sababu wao pia huzipita haraka. Hili ndilo pungufu kubwa la safari za aina hii, na wenyewe hawalisemi. Mji wa kale haulipokei gari la mita saba. Barcelona imeweka eneo la hewa safi tangu 2020, ambapo gari la kigeni linatakiwa lisajiliwe kwanza. Kwingine vichochoro vyenyewe ni vyembamba kuliko gari. Basi wanaegesha pembezoni, karibu na duka kubwa na kituo cha mafuta, wanapanda basi la mji saa nne asubuhi na kurudi saa tisa. Muulize mtu aliyezunguka Hispania miezi miwili kuhusu maisha ya usiku ya Salamanca, atakueleza habari za maegesho yake.

Lisbon wanaitembelea kwa namna hiyo hiyo, kwa treni hadi Belém, kwenye ukingo wa mto Tagus. Wanapanga foleni kununua vitobosha vya krimu vinavyouzwa hapo tangu 1837, kisha foleni nyingine kuingia monasteri ya Jerónimos. Kwao ni jengo zuri la mawe meupe. Mtu wa Mombasa au Kilwa angelitazama kwa jicho jingine. Vasco da Gama aliondokea hapo Belém Julai 1497. Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, hakupokewa vizuri, akasogea Malindi, na mtawala wa huko akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mwaka 1501 ujenzi wa monasteri ukaanza, ukigharamiwa na kodi ya biashara iliyofunguliwa na safari ile. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Boma la Fort Jesus likafuata mwaka 1593, Waomani wakawatoa Wareno humo 1698. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya monasteri, karibu na mlango, na watalii hupiga picha nalo. Muuguzi wetu anasoma kibao, anashangaa jina la Malindi, anamwambia mumewe kwamba mpwa wao aliwahi kwenda huko kwa fungate.

Kutoka Lisbon hadi Algarve, pwani ya kusini ya Ureno, ni mwendo wa asubuhi moja. Hapa ndipo wengi walikuwa wakikusudia tangu mwanzo. Novemba Algarve ina joto la nyuzi 18 au 19, machungwa yanaiva, na karibu na Sagres, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya bara la Ulaya, mawimbi yanapiga majabali yaliyo juu kama ghorofa. Zamani magari yalijipanga juu ya majabali hayo miezi mitatu, minne, kama kijiji. Malalamiko ya wenyeji yakazidi, na Januari 2021 Ureno ikapiga marufuku kulala nje ya maeneo yaliyotengwa. Baadaye mwaka huo huo sheria ikalegezwa: saa 48 zinaruhusiwa katika manispaa moja, lakini si kwenye hifadhi wala ukanda wa pwani unaolindwa. Majabali mazuri karibu yote yamo humo. Askari hugonga dirisha asubuhi, kwa adabu.

Mjerumani, Mholanzi na Mfaransa wanahamia kwenye eneo lililotengwa na kubaki hadi Machi. Mwingereza hawezi. Kabla ya Januari 2021 alikaa na wenzake. Sasa anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika eneo lote la Schengen. Aliyeshuka Roscoff tarehe 20 Septemba anatakiwa awe ametoka ifikapo tarehe 18 Desemba, baridi ya kwao ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Awali walikuwepo waliotegemea uvivu wa mihuri ya pasipoti. Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza kuwasajili wageni mipakani kwa alama za vidole na picha ya uso, na mashine haisahau kuhesabu. Manung'uniko ni makubwa. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya viza ya Schengen, akalipa euro 90, akapeleka taarifa za benki na barua ya mwajiri ili aombe siku kumi, atasikiliza manung'uniko hayo kwa uso mkavu. Namwelewa. Lakini namwelewa pia mzee aliyeweka akiba yake yote kwenye gari kwa ajili ya majira ya baridi sita au saba ya jua, akakuta kila majira yamekatwa nusu.

Wapo waliotafuta mwanya. Wanavuka kutoka Algeciras kwenda Tanger Med, saa moja na nusu hivi kwa meli, na kumalizia baridi Morocco, ambako Mwingereza anapewa siku 90 nyingine. Kambi za Agadir hujaa wastaafu wa Kizungu mwezi Januari. Mbwa ndiye kikwazo tena. Anayetoka Morocco kurudi Ulaya lazima awe na kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa kilichofanywa mapema, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari Algeciras.

Kuna suala moja ambalo vikundi hivi vya wazee hulizungumza kwa sauti ya chini jioni, glasi ya pili ikishamiminwa: nani mwingine anaweza kuendesha? Katika magari mengi dereva ni mmoja tu, na ni mume. Akianguka na kiharusi Extremadura, mke amebaki na nyumba ya tani tatu na nusu asiyowahi kuirudisha nyuma hata mara moja. Bima ya safari ya mtu aliyepita miaka 70 na mwenye dawa za presha ni ghali, na hata hivyo si kila bima italirudisha gari. Matangazo ya magari-nyumba yaliyotumika yanayosema "linauzwa kwa sababu za kiafya" mara nyingi yana mjane nyuma yake.

Hapa ndipo ule upendeleo wa 1997 unapofikia mwisho. Dereva wa Uingereza akitimiza miaka 70, ruhusa ya kuendesha zaidi ya kilo 3,500 inakoma mpaka daktari amkague na kumjazia fomu, macho yakiwemo. Daraja B nalo linakoma siku hiyo hiyo, ila hilo mtu hulihuisha mwenyewe kila baada ya miaka mitatu kwa kutamka kwamba ni mzima na anaweza kusoma namba ya gari kwa umbali wa mita 20. Fundi umeme wetu anatimiza 70 mwezi Machi. Namba ya gari anaisoma, mchana. Usiku ndio shida, na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho anayesubiri zamu ya upasuaji.

Mkewe hakungoja. Chama cha The Caravan and Motorhome Club, kilichoanzishwa mwaka 1907, kina kozi za kufundisha watu kuendesha na kurudisha nyuma magari haya, na wanawake wenye umri wake hujiandikisha kwa sababu hiyo hiyo. Alijiandikisha. Safari ijayo yeye ndiye atakayeshika usukani, na mume atahamia kiti cha kushoto, kwenye wadhifa wa kuvuta tiketi za ushuru na kusema "bado, bado, haya nenda." Ameshaanza kulalamika kwamba mkewe anachelewa kukanyaga breki. Kuhusu kaseti, mazungumzo yalifanyika, yakawa mafupi. Imebaki yake.